Mbuzi Mmoja wa Desemba

Baba alikuwa akimchagua mbuzi wa Krismasi mwezi Machi, masika yanapoanza. Hakumtangazia mtu. Sisi watoto tulimtambua kwa kuwa alifungwa peke yake ndani, upande wenye giza, akaletewa majani ya migomba na maganda ya ndizi asubuhi na jioni bila kutolewa nje. Alikuwa beberu aliyehasiwa mapema, na ile miezi tisa ya kula palepale aliposimama ndiyo iliyomfanya awe ndafu. Kumkatia majani ilikuwa kazi yangu na ya kaka yangu mkubwa. Hadi leo nikisikia neno ndafu, kabla sijakumbuka nyama hunijia harufu ya jani bichi la mgomba lililotoka kukatwa kwa mundu.

Hiyo ilikuwa Marangu, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mbuzi mmoja, miezi tisa, na walaji wasiopungua arobaini. Naitaja hesabu hiyo mapema kwa sababu mengine yote nitakayosimulia yanatokana na kuvurugika kwake.

Asubuhi ya tarehe 25 tuliamka kwenye baridi na ukungu, tukavaa nguo mpya na kushuka kwa miguu kwenda kanisani. Ibada za Walutheri wa mlimani hazina haraka, na kwaya zilikuwa nyingi. Tukitoka hapo tulipanda tena hadi kwa babu, mwendo wa saa nzima, tukisimama kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kusalimia: "Shimbonyi, meku!" Tulipofika tulikuwa na njaa ya kweli. Nyama ilikuwa imekwisha kukatwa na kila kipande kilikuwa na mwenyewe: cha babu, cha bibi, cha mjomba, cha shemeji aliyetoka Kilema. Mzee aliyegawa alikuwa mwangalifu, maana kipande kilichokwenda kwa asiye wake kingeweza kuzaa ugomvi wa miaka. Mtoto alipata kinofu cha ukubwa wa vidole viwili na mfupa wa kuguguna. Kilichotushibisha ni machalari, ndizi zilizopikwa na mchuzi wa ile mifupa, na kiburu cha ndizi na maharage, pamoja na mnafu ambao watoto tuliula kwa kulazimishwa kwa sababu ya uchungu wake.

Mbege ilikuwa ya mama. Aliianza zaidi ya wiki moja kabla. Ndizi mbivu zilichemshwa kwenye pipa, zikaachwa zichachuke, kisha zikachujwa. Ulezi ulilowekwa ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa na kupikwa uji. Gome la msesewe likatiwa kuleta ule uchungu ambao bila huo mzee hakubali kwamba amekunywa mbege. Ilikuwa nzito; aliyemaliza kata mbili alikuwa kama amekula. Na kata ilikuwa moja kwa watu wengi. Ilianza kwa mkubwa wa pale, ikaenda kwa aliyemfuata, ikazunguka benchi zima kabla ya kurudi. Nikiwa mtoto niliona ni adabu tu. Sasa naelewa kwamba ule mzunguko ulikuwa pia kipimo, kwa sababu hakuna aliyeweza kunywa haraka kuliko jirani yake.

Sitaki kuipamba enzi ile. Nilisoma na watoto waliokuwa na utapiamlo, nywele zimebadilika rangi na miguu imevimba, katika kijiji chenye ndizi na maziwa. Kulikuwa na wanaume walioshinda kilabuni hadi fedha za kahawa zikaisha, na mbege hiyohiyo ninayoisifu ndiyo iliyowapiga wake zao. Kuna watu wa rika langu wanaosema wazee wetu walikuwa na afya kwa kuwa walikula vya asili. Wazee wetu wengi walikufa mapema kwa magonjwa ambayo leo hospitali huyatibu kwa siku tano. Dai langu ni dogo kuliko hilo: sikukuu haikuwa ikiwaumiza, kwa sababu ilikuwa ndogo kuliko miili yao.

Sukari yenyewe ilikuwa adimu. Mwaka 1983 tuliipata kwenye duka la kijiji kwa orodha ya majina, na mama aliifungia kabatini ikingoja wageni. Soda ya Krismasi tuligawana chupa moja watoto watatu, tukipimiana kwa kidole kwenye glasi. Ugonjwa wa sukari niliusikia kama ugonjwa wa mabwana wakubwa wa mjini. Watafiti waliopima watu katika vijiji sita vya Tanzania katika miaka hiyo ya 1980 walikuta wenye kisukari hawafiki mtu mmoja kwa kila watu 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta ni takribani tisa kwa kila 100, na mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Kati ya tafiti hizo mbili ndipo yalipopita maisha yangu ya utu uzima, na maisha ya kaka yangu.

Mabadiliko yalikuja kama neema, na kwa sehemu kubwa yalikuwa neema. Bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mwaka 1989, kihamba hakikuweza tena kulea vijana wote, nao wakashuka Dar es Salaam kufanya biashara. Kaka alianza kwa kuuza vipuri Kariakoo. Baada ya miaka michache alikuwa na duka, kisha mawili. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, madukani kulikuwa na kila kitu, na mwaka 1993 kampuni ya bia ya taifa ilipobinafsishwa, bia iliyokuwa ikitafutwa kwa kujuana ikawa kitu cha kuagiza kwa kreti. Kila Desemba mabasi yakajaa, barabara ya Dar hadi Moshi ikawa mstari wa magari, na Watanzania wengine wakawa wanasema Wachaga wanakwenda kuhesabiwa.

Tulihesabiwa kweli. Aliyerudi alihesabiwa kwa gari, kwa idadi ya kreti alizoshusha, na kwa unene wa ndafu aliyesimamishwa mezani na majani mdomoni. Mbuzi wa Machi akatoweka. Ndafu akawa wa kununua, amechomwa tayari, na kila nyumba ikataka wake. Halafu tukahamishia Desemba kila shughuli tuliyokuwa nayo, kwa kuwa ndipo ukoo wote unapokuwa nyumbani: ubatizo, kipaimara, harusi, kuweka msalaba kaburini. Mwaka 2006, kati ya tarehe 22 Desemba na tarehe 2 Januari, nilikaa mbele ya ndafu mara saba. Asubuhi ilianza kwa supu ya utumbo na bia ya kuzimua, yaani ya kuondoa uchovu wa bia ya jana. Mchana pilau na nyama choma. Jioni jirani ameita. Kwenda kwa babu, pale tulipokuwa tukipanda kwa saa nzima, tulikwenda kwa gari, na miaka iliyofuata bodaboda ikafika hata kwenye vijia ambavyo gari haliwezi.

Baba alikuwa akifika kwenye chakula cha Krismasi akitoka shambani. Kaka alifika mezani akitoka mezani. Mwaka mzima alikuwa ameketi dukani, chai yenye vijiko vinne asubuhi, chipsi mayai mchana, soda mbili au tatu kati ya wateja. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vinane au tisa vya chai; hakuna mtu angeikoroga sukari hiyo kwenye kikombe akainywa akiona. Mwaka 2004 akagunduliwa ana kisukari. Alipokea vizuri, akanunua kipima sukari, akameza vidonge vyake kwa saa, akapunguza tumbo. Alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wengi ninaowajua. Miezi kumi na moja alishinda.

Sasa nafika kwenye Jumapili ya tarehe 27 Desemba 2009, siku ya kipaimara cha binti yangu. Shughuli ilikuwa kwangu. Nilikuwa nimejiandaa mwaka mzima, na nilitaka isemwe vizuri.

Kaka alikaa meza ya mbele. Alikuwa amesikia kliniki kwamba wanga hupandisha sukari, kwa hiyo siku hiyo aliacha ndizi, wali na mkate, akala nyama tu, tena kidogo. Alikuwa amemeza vidonge vyake asubuhi, na angemeza vya jioni. Alifikiri amejilinda. Tulipoanza kunywa alipokea bia moja, kisha ya pili, kisha akaweka kiganja juu ya glasi. Shemeji zangu walipomletea pombe kali alikataa. Wakarudi, akakataa tena. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe na chupa. Nilimwambia, "Kaka, leo ni siku ya mwanao. Utanikatalia mbele za watu?" Akaondoa kiganja. Nilimmiminia mimi, na nilimwongezea mimi.

Alfajiri ya Jumatatu wifi alikuja kuniamsha. Kaka alikuwa amekaa kitandani anasema maneno yasiyoungana, ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Wanaume waliokuwa wamelala sebuleni walisema, "Mwacheni alale, pombe itamtoka." Nami niliamini hivyo. Aliyekataa ni mama, wakati huo akiwa na miaka themanini na kitu. Alimshika shingoni, akafuta kiganja chake kwenye kanga, akasema, "Mlevi halowi jasho kwenye baridi hii." Shati la kaka lilikuwa limelowa kama la mtu aliyenyeshewa, na mikono ilikuwa ikitetemeka. Kipima sukari kilikuwa kwenye begi lake. Wifi alimtoboa kidole: 1.8. Haitakiwi kushuka chini ya 4. Sote tulikuwa tumezoea kuogopa sukari ikipanda. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewaza kwamba inaweza kumuua mtu kwa kushuka.

Njiani kwenda hospitali alizimika. Walimtia maji ya glukosi kwenye mshipa, na kabla hayajafika nusu alifungua macho akauliza viatu vyake viko wapi.

Daktari alitueleza taratibu, naye alikuwa kijana wa umri wa kuwa mwanangu. Usiku mtu asipokula, ini ndilo linalotoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose. Pombe ikiingia, ini huacha kazi hiyo lishughulikie pombe kwanza. Wakati huohuo vidonge alivyokuwa akitumia kaka huilazimisha kongosho itoe insulini, ale asile. Kwa hiyo sukari inasukumwa chini, na anayepaswa kuirudisha juu ana kazi nyingine. Kwa mtu aliyekula nyama tupu bila wanga, hakuna akiba ya kutosha. Walimlaza siku mbili, kwani dawa ile hukaa mwilini na sukari ingeweza kushuka tena. Akatuambia na la kufanya siku nyingine: mgonjwa akiwa bado anaweza kumeza, apewe hapohapo soda ya kawaida yenye sukari, au vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, kisha ale chakula. Akishazimika asitiwe kitu mdomoni, maana kitamwingia kwenye njia ya hewa. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali.

Nyumbani kwangu usiku ule kulikuwa na kreti tatu za soda. Zilikuwa hatua kumi kutoka kitandani kwake.

Kikao cha ukoo mwaka uliofuata kilifanyika tarehe 26, chini ya mparachichi kwa babu. Kaka ndiye aliyeomba nafasi. Hakumlaumu mtu, wala hakunitazama. Alisema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: kwamba mtu mwenye sukari au presha anaweza kujinyima dukani, kazini, hata hotelini, lakini hawezi kujinyima mbele ya dada yake. Kwetu kukataa kilichotolewa na mkono wa ndugu ni kama kuukataa undugu. "Msinipe ushauri," alisema. "Nipeni ruhusa ya kukataa."

Tangu hapo ndipo nilipoacha kuamini maneno tunayoambiwa kila mwisho wa mwaka, kwamba kila mtu ajue kiasi chake. Kiasi cha mgeni Uchagani huamuliwa na mwenyeji, na pengine ni hivyo hivyo Pwani wakati wa Idi, sinia likiwa katikati na mama mwenye nyumba akisogeza vipande upande wako. Miaka ile ya baba mwenyeji alikuwa na kata moja na mbuzi mmoja. Uchache ndio uliomwamulia. Uchache ulipoondoka, hatukuweka kitu mahali pake.

Tulianza kuweka. Ndafu akarudi kuwa mmoja wa ukoo mzima, tarehe 26, na vipande vikarudi kuwa na wenyewe. Hakuna chupa inayofunguliwa kabla ya chakula kamili: mtori saa sita, kisha sahani ambayo nusu yake ni mboga, robo ndizi au wali, robo nyama. Mnafu niliokuwa nikilazimishwa kuula sasa ndio unaokwisha wa kwanza. Chumvi kwenye choma tumepunguza. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai ndicho mtu mzima asichotakiwa kukizidisha kwa siku nzima, na ndafu wa zamani wa kununua alikuwa akikimaliza kwenye sahani moja. Majagi ya maji yamewekwa mezani, na kreti ziko stoo: anayetaka anakwenda kuomba. Kisusio, supu ya damu ya mbuzi, nakipika hadi kichemke hasa, na mbuzi hachinjwi hadi bwana mifugo amkague, maana kimeta kipo katika mikoa yetu ya kaskazini. Na kutoka kanisani hadi kwa babu tunapanda kwa miguu, wazee mbele ili mwendo uwe wao. Yule mama aliyegundua jasho alipanda nasi hadi mwaka wa mwisho wa uhai wake, akipumzika kila penye mfongo, mfereji wetu wa maji.

Upinzani ulikuwepo. Shemeji mmoja alisema tunaileta hospitali kwenye sherehe, na miaka mitatu alikuwa akila kwetu kidogo kisha kwenda kumalizia kwa jirani. Mwaka 2013, usiku wa tarehe 28, kidole gumba cha mguu wake kilivimba na kuwaka hata shuka halikuweza kukigusa. Gauti. Ini na figo za mbuzi kwa siku sita mfululizo pamoja na bia ndivyo vilivyomfikisha pale. Sikumwambia neno. Nilimpelekea barafu na maji ya kunywa, na asubuhi tukampeleka kwa daktari.

Vijana wetu nao wana kosa lao. Wamerudia mbege wakidai ni dawa kwa kuwa ni ya asili, na wengine wanainywa kwa jagi. Mbege ni pombe, na ina sukari ya ndizi. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya, na halikuitenga ya kienyeji. Chupa ya bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina takribani gramu 20 za alkoholi, na pombe kali ya asilimia 35 huzifikisha gramu hizo kwenye glasi ndogo isiyojaa nusu. Kwa hiyo anayenywa kwangu anywe baada ya kula na taratibu, na dereva asinywe kabisa. Anayetumia dawa za sukari au presha namwomba amwone daktari wake Novemba, kabla ya safari, aulize dawa zake na pombe zinapatanaje, aulize ale nini siku za shughuli. Kuacha wanga wote huku unameza vidonge ndiko kulikokaribia kunichukulia kaka.

Kaka bado yupo. Amestaafu, amerudi Marangu, na Machi iliyopita alinipigia simu kuniambia amemfunga beberu ndani. Krismasi hii tutakuwa watu sitini na kitu. Akishaweka kiganja juu ya glasi, anayepita na chupa anapita. Nawe utakayekuwa mwenyeji Desemba hii, huko Rombo, Kibosho, Tanga au popote unapoalika watu: mgeni wako akisema imetosha, usimwulize sababu. Mletee maji.